Salamu ya Njiani

Kwa miaka minane tangu nitoke chuo cha ualimu, nalikuwa nikifundisha jiografia ya Uganda kwa kuichora ubaoni, hali mimi mwenyewe sijapata kuikanyaga. Basi, katika likizo ya Agosti mwaka 2019, nikafunga mzigo wangu kwenye keria ya baiskeli, nikavuka mpaka hapo Busia.

Siku ya pili jioni nikafika Jinja, mahali ambapo mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria na kuianza safari yake ndefu ya kwenda bahari ya Mediterania. Nikautazama ule wingi wa maji, nikaionea haya michoro yangu ya chaki.

Nikapita msitu wa Mabira, nikalala Kampala, kisha nikashika njia ya Masaka, mwendo wa kilomita 130 hivi. Kila nilipopita, wakulima waliinua vichwa na kuniamkia, "Gyebale!" Mwenyeji wangu wa Kampala alikuwa amenieleza kwamba maana yake ni ahsante kwa kazi. Nami nikavimba kichwa, nikidhani wanausifu ushujaa wangu.

Kabla ya kufika Kayabwe, ambapo ikweta huikata barabara, nilimpita mzee mmoja akisukuma baiskeli kuukuu iliyopakiwa mikungu mitano ya matoke. Nikapiga kengele kwa majivuno, nikamwacha nyuma.

Haukupita muda, gurudumu langu likatoboka. Kufungua mkoba, nikakuta gundi imekauka kama jiwe. Jua lilikuwa la utosi, na sikuona duka wala fundi. Nikaketi kando ya njia, nimejiinamia.

Mara nikasikia mlio wa magurudumu. Alikuwa yule mzee. Akaiegemeza baiskeli yake kwa mti wenye panda, akatoa kikopo chenye vipande vya mpira na gundi. Akakwaruza, akapaka, akabandika, asiseme neno kuhusu kengele yangu. Tulipokwisha kujaza upepo nikampa fedha, akazikataa kwa mkono. Akafuta jasho, akaniambia, "Gyebale, ssebo."

Maneno yale yalinichoma. Kazi gani niliyoifanya mimi? Mimi nilikuwa likizoni, nikijifurahisha. Yeye alikuwa akitafuta riziki ya nyumba yake, na jua lile lile likituwakia sote wawili. Nikamrudishia salamu yake kwa Kiganda kibovu, kisha nikashuka nikamsaidia kusukuma mzigo wake mpaka juu ya kilima.

Nilirudi nyumbani na mengi ya kuwaeleza wanafunzi wangu juu ya mito na misitu. Lakini somo kubwa silifundishi kwa chaki. Kila asubuhi niingiapo shuleni humkuta mpishi akichochea moto, na mfagiaji ameinama uani. Zamani nilikuwa nikiwapita kama nilivyompita mzee yule. Sasa husimama, nikawaambia kwanza, "Ahsanteni kwa kazi."