Mezani kwa mama mukubwa, ngambo ya Luapula

Wengi wetu wa kambi za Lubumbashi tunasema "kwetu" bila kupajua. Kama kwenu ni Luapula, wapendwa vijana, endeni Kasenga. Ni kilomita 200 na kitu (wakati wa mvua mutafika na matope mpaka kwenye nywele).

Jamaa ya huko iko ngambo zote mbili za mto: mujomba Congo, mama mukubwa Zambia. Munavuka kwa mtumbwi. Mugeni ananawa wa kwanza, bukari ya muhogo inawekwa katikati, na mama mukubwa anauliza habari za kila mutu kwa jina lake, hata za wale mulioachana nao.

Noeli ile sisi tulitazamia samaki. Ikaja sombe na maharagi. Watoto wakanung'unika.

"Banangu," akasema, "huku bamekataza kuvua, tangu mwezi wa 12 mpaka wa 2 iishe, samaki azae. Mpumbu, ni ninyi batu ya muji mulimumaliza."

Ni kweli. Mpumbu alipanda mto wakati wa mvua, tumbo limejaa mayai, na ndipo walipomtega. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walipeleka samaki kwa malori mpaka Élisabethville, ndilo jina la Lubumbashi mpaka 1966, wafanyakazi wa shaba wale. Kufika miaka ya 1950 mpumbu alikuwa karibu kwisha.

Basi mukienda, bebeni chumvi, sukari na sabuni. Samaki musimuulize, akiwapo mutamuona. Sombe ile tuliomba tena, na mama mukubwa akatuma mtoto kwa jirani kuazima sufuria kubwa.