Umbo na Mkato wa Almasi: Kumbukumbu za Mkataji wa Iringa

Katika kuchagua almasi kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. La kwanza ni umbo, yaani sura ya jiwe likitazamwa kutoka juu: duara, yai, mraba, mstatili, tone, moyo. La pili ni ubora wa mkato, yaani nyuso ndogo za jiwe hilo zimepangwa kwa pembe gani na kwa uangalifu kiasi gani. Umbo ni suala la kupenda, na hakuna fundi mwenye haki ya kumbishia mnunuzi juu yake. Mkato ni kazi ya mikono, na kazi hupimika. Mwandishi wa tawasifu hii alitumia ujana wake kwenye benchi la kukatia almasi Iringa, katika kiwanda cha umma cha Tancut, na utu uzima wake nyuma ya kaunta ya vito Dar es Salaam. Kwa hiyo aliijua biashara hii kwa pande zote mbili: kwanza akilipwa kwa kuokoa uzito wa jiwe, kisha akiulizwa na wateja kwa nini jiwe zito halimeremeti.

Almasi ghafi haina mng'ao wa kujivunia. Nyingi hutoka ardhini zikiwa na ngozi yenye ukungu, na asiyezijua anaweza kuzikanyaga akapita. Thamani yake imo katika namna inavyopinda mwanga. Kiwango chake cha kupinda mwanga ni 2.42, wakati cha maji ni 1.33 na cha kioo cha kawaida ni kama 1.5. Matokeo yake ni kwamba mwanga ukishaingia ndani ya almasi hautoki kirahisi. Ukiupiga ukuta wa ndani kwa mshazari unaozidi nyuzi 24 na kitu, kuanzia mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, hurudishwa ndani wote. Mkataji hutumia tabia hiyo. Huzipanga nyuso za chini ili mwanga ulioingia kwa juu ugonge upande mmoja, uvuke hadi upande wa pili, kisha urudi juu kwenye jicho la mtazamaji. Akikosea pembe, mwanga hupenya chini na kupotelea kwenye kidole cha mvaaji.

Umbo lililochunguzwa kuliko yote ni duara la nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini nayo imesagwa kidogo. Nyuso 33 ziko juu ya mkanda, ule ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe kiunoni, na 24 ziko chini yake. Uso mkubwa wa juu huitwa meza. Mwaka 1919, Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakataji wa Antwerp aliyesomea uhandisi London, alichapisha kitabu kilichokokotoa njia ya mwanga ndani ya umbo hilo. Hesabu zake zilimpa meza yenye upana wa asilimia 53 ya kipenyo, pembe ya nyuzi 34.5 kwa upande wa juu, na nyuzi 40.75 kwa upande wa chini. Wakataji waliomtangulia walikuwa wamekwisha kukaribia vipimo hivyo kwa kutumia macho tu, na hilo ni la kuwapa heshima yao. Siku hizi hakuna anayeshikilia tarakimu za Tolkowsky kama sheria. Maabara ya GIA ya Marekani hukubali pembe ya chini kati ya nyuzi 40.6 na 41.8 kwa daraja lake la juu, mradi pembe ya juu ioane nayo. Pembe hizi mbili hufidiana: upande wa juu ukisimama zaidi, wa chini hauna budi kulala kidogo. Upande wa chini ndio usiosamehe, kwani hapo nusu nyuzi huonekana kwa macho matupu.

Kazi yenyewe huanza kwa kulitazama jiwe, na kutazama huko kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kukata. Almasi nyingi nzuri huja na umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Jiwe la namna hiyo hukatwa kwa msumeno, kisahani chembamba cha shaba nyeusi kilichopakwa unga wa almasi, nalo hutoa mawe mawili ya duara, moja kubwa na jingine dogo. Kisha kila kipande huzungushwa kikisuguliwa na almasi nyingine hadi kiuno kiwe duara. Baada ya hapo kinakwenda kwenye sahani, gurudumu la chuma lililolala na kuzunguka kwa kasi kubwa, uso wake umepakwa mafuta na unga wa almasi. Kwa desturi, fundi wa kwanza huweka meza, nyuso nane kuu za juu na nane za chini. Hizo 17 ndizo zinazoamua maisha ya jiwe. Fundi wa pili huongeza 40 zilizobaki.

Mwanafunzi wa Iringa aliingia benchini akidhani almasi husagika popote inapoguswa. Sivyo ilivyo. Ugumu wake hutofautiana kwa uelekeo, na katika kila uso kuna njia ambayo jiwe hukubali na njia ambayo hukataa kabisa. Likikataa, hulia juu ya sahani kwa sauti kavu, uso wake hupata joto, na sahani yenyewe huchimbika. Mzee aliyemfundisha mwandishi huyu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliposikia sauti hiyo kutoka benchi la tatu alisema tu, "Geuza," bila kuinua kichwa. Kijana aliligeuza jiwe kidogo kwenye mkono wa kulishikia, akalishusha tena, na sauti ikalainika. Kisha alilichomoa, akaufuta uso kwa kitambaa, akaukagua kwa lenzi ya kukuza mara 10 aone kama mistari ya kusagia imeondoka. Mistari hiyo ikibaki, cheti kitaishusha daraja ya ung'arishaji, na mwanga utapita kama kwenye kioo kilichokwaruzwa.

Mkataji hulipwa kwa kilichobaki, wala si kwa kilichosagwa. Jiwe la duara kwa kawaida hubakiza nusu ya uzito wa jiwe ghafi au pungufu. Mfano wa karibu ni almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947 kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ambao mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada aliufungua mwaka 1940. Ghafi yake ilikuwa karati 54.5. Ilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huohuo, ikakatwa London kuwa duara la karati 23.60, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye sura ya ua. Zaidi ya nusu iligeuka vumbi. Koh-i-Noor nayo ilikatwa upya London mwaka 1852, ikashuka kutoka karati 186 hadi 105.6, kwa sababu watu walioitazama kwenye maonyesho makuu ya mwaka uliotangulia walirudi nyumbani wakilalamika kwamba haing'ai. Wapo wanaosikitikia uzito uliopotea hadi leo. Kwa macho ya mkataji, malalamiko ya umma yalikuwa ya haki, ingawa yeye binafsi angeiacha sura yake ya kale.

Mawe ya kawaida hayapati mkataji mwenye uhuru wa kupoteza uzito namna hiyo. Karati moja ni gramu 0.2, na bei ya kila karati hupanda ghafla jiwe linapofikisha 1.00. Fundi mwenye jiwe linaloweza kutoa 0.93 kwa pembe nzuri, au 1.01 kwa kuacha kiuno kinene na kitako kirefu, anajua lipi litamfurahisha mwenye mali. Ndiyo maana sokoni kuna mawe mengi ya karati moja na nukta yenye vina vya kutia shaka. Duara la karati moja lililokatwa vizuri lina kipenyo cha karibu milimita 6.4 hadi 6.5. Lililokatwa kwa kina kupita kiasi linaweza kuwa na 6.1 au 6.2 tu, na hicho ndicho kipenyo cha jiwe zuri la karati 0.90. Mnunuzi wa jiwe refu analipia uzito uliojificha chini, ambao hakuna jicho litakaloufikia.

Hapo kauntani, mama mmoja aliyekuja kuchagua pete ya mwanawe aliwekewa mawe mawili juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa. Akayasogeza kwa kibano, akauliza, "Fundi, yote karati moja, na hili lina punguzo. Kwa nini nisichukue hili?" Fundi hakubishana naye. Alimpa kipimo cha vipenyo, akamwacha apime mwenyewe, kisha akazima taa ya kaunta. Jiwe la bei nafuu lilibaki na doa jeusi katikati, pana kama meza yenyewe. "Uzito upo, mama," akasema, "ila umekaa chini." Doa hilo ni dalili ya kitako kirefu mno. Kitako kifupi mno kina dalili yake tofauti: duara la kijivu huzunguka ndani ya meza kama jicho la samaki, nalo ni taswira ya mkanda wa jiwe.

Kuhusu maumbo mengine, jambo la kwanza la kujua ni kwamba maabara ya GIA, iliyoanza kutoa daraja la mkato mwaka 2006, hulitoa kwa duara pekee. Cheti cha umbo la yai au mstatili hutaja ung'arishaji na ulinganifu, basi. Neno "bora" katika mistari hiyo miwili halisemi lolote kuhusu mwanga, na wauzaji wasio waangalifu hulisoma kwa sauti kana kwamba linasema.

Umbo la yai huonekana kubwa kuliko duara la uzito uleule na hurefusha kidole, ndiyo sababu hupendwa. Tatizo lake ni kivuli kinachokaa katikati kwa upana, chenye sura ya tai ya kipepeo. Hutokana na kichwa cha mtazamaji mwenyewe kuzuia mwanga ambao nyuso za katikati zilitakiwa kuurudisha. Karibu kila yai linacho, pamoja na tone na lile umbo lenye ncha mbili kama mashua. Tofauti ni kiasi. Jiwe likichezeshwa taratibu mbele na nyuma, kivuli chepesi hufunguka na kufunga, nacho hulipa uhai. Kivuli kisichosogea ni kasoro, na hakuna fremu itakayoificha. Urefu unaozidi upana kwa mara 1.35 hadi 1.5 huwapendeza wengi kwa yai, lakini hayo ni mapenzi tu.

Mkato wa mstatili wenye kona zilizopunguzwa, na ndugu yake wa mraba ambao nyumba ya Asscher ya Amsterdam iliubuni mwaka 1902, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Nyuso zake ni ndefu na zimepangwa kama ngazi. Haziupasui mwanga kuwa vimulimuli. Huuonyesha kwa mabapa mapana, meupe na meusi kwa zamu. Mkataji huyu aliupenda kuliko wote, kwa sababu hauna pa kuficha kitu. Meza yake ni kama dirisha lililo wazi: doa dogo ambalo lingepotea ndani ya duara huonekana hapo, na umanjano nao hujitokeza. Anayeuchagua hana budi kupanda daraja la usafi na la rangi, na bajeti yake ipangwe hivyo.

Mraba wenye kona kali huitwa prinsesi. Hubakiza sehemu kubwa ya jiwe ghafi, hivyo bei yake kwa karati huwa chini ya duara. Kona zake ndizo udhaifu wake. Almasi ni ngumu kukwaruza lakini hupasuka ikigongwa penye ncha, na pete ya umbo hili inahitaji kucha zinazozifunika kona zote nne. Tone na moyo nazo huhitaji ulinzi huo kwenye ncha. Moyo ulio chini ya nusu karati ni wa kuepuka, maana ukishafungwa kwa kucha mbonyeo wake hauonekani tena.

Wanunuzi wa Arusha waliozoea tanzanaiti huanza kwa kuuliza rangi, nao wako sahihi kwa jiwe la rangi. Kwa almasi nyeupe mkato utangulie, kwa kuwa jiwe lenye umanjano kidogo lililokatwa vizuri huonekana jeupe kuliko jiwe safi lililokatwa vibaya. Taa za dukani zisiaminiwe. Zimewekwa ili kila kitu kimetemete. Jiwe litazamwe kivulini mchana, karibu na dirisha, kisha chini ya taa ya kawaida ya nyumbani. Lipimwe kabla ya kufungwa kwenye pete, kwa kuwa likishafungwa halipimiki vizuri kwa mizani. Namba iliyochongwa kwa leza kwenye mkanda ilinganishwe na ya cheti kwa lenzi, na unene wa mkanda uangaliwe papo hapo: mwembamba mno humeguka, mnene mno umebeba uzito wa bure.

Wengi wanaorudisha pete wakidai jiwe limefifia huwa wamelivaa jikoni. Almasi huvuta mafuta, na utando wa mafuta kwenye kitako huharibu ule ukuta unaorudisha mwanga, hata kwa jiwe lililokatwa kwa pembe kamili. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini uliopitishwa nyuma ya jiwe vinatosha. Dawa ya kufulia yenye klorini isitumike, kwani hudhoofisha dhahabu ya kucha.