Mwalimu Bila Cheti

Mwenzenu mwaka wa tano huu nafundisha chekechea hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Mtaa mzima unaniita "mwalimu", mpaka muuza chipsi. Cheti? Ninacho cha kidato cha nne tu.

Zamani hilo halikuninyima usingizi. Ila Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 inataka mwalimu asajiliwe na awe na leseni, na leseni haiji bila cheti cha ualimu. Basi nikaanza chuo, miaka miwili. Asubuhi na watoto, jioni masomo, alfajiri vitumbua vya kuuza, maana ada haijilipi.

Nilidhani nafuata karatasi. Kumbe! Darasani nilikuwa na mtoto, penseli inamdondoka kila mara. Mimi nilimgonga vidole kwa rula, nikamwita mvivu. Siku mkufunzi alipoeleza kwamba vidole vya mtoto hupata nguvu kwa kufinyanga, kuchana karatasi na kuokota vitu vidogo, niliinamia dawati kwa aibu.

Kesho yake nikampa udongo wa mfinyanzi na punje za mpunga aokote moja moja. Wiki zikapita, akaandika "a" iliyopinda kama mto Kilombero. Nilikaribia kulia, jamani.

Bado mwaka mmoja nimalize. Yule mtoto nimeshamwomba radhi. Akanijibu, "Sawa, mwalimu." Safari hii nataka jina hilo nilistahili.