Mkahawa wa Kihindi na Sufuria ya Marehemu Baba



Ndugu wasomaji, kila muhula unapoanza wazazi wa hapa Koboko na wenzetu wa Arua huniuliza: "Maalim, tukifika Kampala na watoto, tule wapi chakula cha Kihindi bila wasiwasi?" Leo nalijibu kwa yaliyonipata nilipompeleka binti yangu chuoni.

Tulipanda basi la usiku Arua, tukapita Pakwach na Karuma, tukaingia Kampala alfajiri. Mchana tukaanza kutafuta. Mkahawa wa kwanza ulipendeza macho. Nikamwuliza mhudumu nyama imechinjwa na nani. Akasema, "Usijali mzee, ni halali." Nikauliza inanunuliwa wapi, akacheka akaenda zake. Nyuma yake zilipangwa chupa za pombe. Tukatoka. Binti yangu aliona haya, lakini Mtume (S.A.W) ametufundisha kuliacha lenye shaka.

Wengi tunakosea tukidhani Wahindi ni kitu kimoja. Kampala wako Waislamu wa madhehebu mbalimbali, Wahindu, Majaini na Makalasinga. Jina la Kihindi mlangoni halikwambii nani yuko jikoni. Ukitaka biriani ya nyama, swali kwanza msikiti wa Old Kampala, kisha waulize wenyeji wanakula wapi na familia zao. Ukikosa, tafuta mkahawa wa mboga. Majaini, na Wahindu wengi wenye asili ya Gujarat, hawali nyama kabisa, kwa hiyo hapo hakuna kisu cha kuulizia.

Sisi tulipata mmoja wa namna hiyo, mdogo, hauna pombe. Tukaletewa dosa, yaani mkate mwembamba wa mchele na dengu uliochachushwa, na ndani yake viazi vyenye bizari. Tulikula tukashiba, Alhamdulillahi.

Binti yangu akakitazama kikombe cha maji, cha shaba. Kilichongwa herufi chini. Akasema, "Baba, herufi hizi kama za sufuria yetu!" Mzee mwenye mkahawa alisikia. Akatueleza kuwa ni Kigujarati, na kwamba kwao chombo huchongwa jina la mwenyewe. Kisha akauliza tumetoka wapi. Nikamjibu, Koboko.

Akanyamaza kidogo. "Kwa Amin," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto. Tuliondoka na masanduku mawili."

Wazee wetu wanalijua jambo hili. Agosti 1972 Idi Amin, ambaye hapa tunamhesabu mwana wa kwetu, aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka, nyumba na vyombo vilibaki, vikagawiwa watu. Baadhi ya Waasia walirudi miaka ya 1990, na mzee huyu ni mmoja wao. Hakutulaumu kwa neno. Alituletea chai ya maziwa, na akakataa kuilipisha.

Tulipotoka nje, binti yangu akasema polepole: "Baba, asubuhi uliuliza nyama imechinjwa na nani. Na sufuria yetu ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Sufuria ile ya shaba marehemu baba aliinunua Arua mwaka 1972 kwa askari mmoja, kwa bei ya kutupa. Tumeipikia pilau ya Maulidi tangu nikiwa mdogo. Nami ni mwalimu wa fiqhi! Nafundisha watoto kuwa mali ya dhuluma haigeuki halali kwa kununuliwa na anayejua ilikotoka.

Niliporudi nikaipiga picha, nikamtumia yule mzee. Kesho yake akapiga simu. Ni jina la mwanamke, akasema, jina moja tu. Pengine wazazi wake walimpa alipoolewa.

Nikamweleza mama. Alikasirika. "Sufuria hiyo tulikimbia nayo Zaire mwaka 1980," akasema. "Iliwalisha watu wengi. Leo unaiita haramu?" Nikamwambia, "Mama, sikuhukumu wewe wala baba. Lakini mwenyewe ana jina, na sasa nalijua."

Tumekubaliana hivi: mzee anaulizia kwa watu wake. Akipatikana mama huyo au warithi wake, sufuria itarudi, au tutaomba radhi na kulipa. Wasipopatikana, tutaikadiria thamani yake na kuitoa sadaka kwa ajili yake. Kwa sasa hatuipikii. Maulidi iliyopita tuliazima sufuria ya msikiti, na mama alikuja kula, ingawa hakusema kitu.

Basi wazazi wenzangu, mkifika Kampala ulizeni kuhusu nyama wala msione haya. Na mkirudi nyumbani, tazameni pia chombo mnachopikia. Haki ya Mwenyezi Mungu twaweza kutubia, ila haki ya mja yamtaka mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.