Picha Zetu za Studio

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe, Unguja, kabla ya Mapinduzi ya 1964 hatukupigwa picha ovyo. Picha ilikuwa na siku yake: Idi, harusi, kumaliza skuli, au safari ya mtu asiyejulikana atarudi lini. Pesa ziliwekwa kidogo kidogo, kanzu ikapigwa pasi ya makaa, ndipo mtu akenda Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaja kuirithi. Kabla yao walikuwapo wapiga picha akina Gomes, watu wa Goa. Ulikaa wima, ukatulia mpaka uambiwe basi. Msituone hatucheki mkadhani tulikuwa na huzuni. Tulijikusanya, kwa kuwa sura ile moja ndiyo itakayobaki.

Leo vijana wetu wanazitafuta picha hizo, wanazisafisha kwa kompyuta, na wengine wanavaa walivyovaa bibi zao ili wapigwe upya. Nawaheshimu kwa hilo, na nawaomba watazame vizuri zaidi. Kofia ya viua iliyo kichwani mwa babu, kila kitundu chake kimezungushiwa uzi kwa sindano. Aghalabu ni mkono wa mwanamke aliyeishona miezi, akiichukua kila apatapo nafasi baina ya jiko na watoto. Buibui la ukaya nalo si abaya ya sasa. Lilifungwa kichwani kwa kamba na kushikwa kwa mkono, na kulishika vyema kulihitaji kufundishwa. Kamera iliyaona yote hayo, lakini haikumweleza mtu.

Baada ya Mapinduzi wenzetu wengi walihama, wa kwenda Omani, wa kwenda Uingereza, na albamu zao nyingi ziliharibiwa na unyevu na mchwa. Tuliobaki tulipitia miaka ya foleni na uhaba, na hata hapo picha tulizilaza ndani ya makasha, katikati ya kanga. Nyuma ya baadhi yake yameandikwa majina, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambazo wajukuu wengi hawazisomi. Sisi tunazisoma bado. Basi zileteni picha hizo barazani baada ya Alasiri, tuwatajie nani ni nani, mtoto wa nani, wa mtaa gani. Nanyi andikeni pembeni kwa penseli. Wino hupenya karatasi ukaifikia sura.