Poka ya mtaani: hesabu kidogo kwa anayeanza

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze karata.

Wiki iliyopita nilitoka Migori nikaenda Homa Bay kumwona binamu yangu, mvuvi wa omena. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti omena vizuri, kwa hiyo siku hizo mitumbwi hupumzika ufuoni na karata hutoka. Binamu akaniambia, "Omera, wewe ni mtu wa kompyuta. Nipe fomyula ya kushinda."

Fomyula hakuna, ila hesabu ipo. Na tuelewane: sisemi poka ya Texas Hold'em. Nasema hii yetu ya kadi: unagawiwa karata nne, unafuata rangi au namba, na unasema "niko kadi" kabla ya kumaliza. Sheria hutofautiana meza kwa meza, basi uliza kabla hujaanza. Hizi hapa ndizo za meza yetu.

Kwanza, jua karata za kumalizia. Pakiti pamoja na jokeri mbili ni karata 54. Zinazomaliza ni 4, 5, 6, 7, 9 na 10, yaani 24 tu. Ukigawiwa nne, karibu mara 9 kwa kila 100 hutapata hata moja. Anayeanza huzitupa haraka akidhani hazina kazi. Wewe bakiza mbili, za rangi tofauti.

Pili, usikimbilie kulisha watu. 2 humwokotesha jirani karata mbili, 3 tatu, jokeri tano. Zitunze mpaka jirani aseme "niko kadi". K inayogeuza mzunguko na J inayoruka mtu zitunze vivyo hivyo.

Tatu, Q na 8 ni maswali. Usiulize kama huna jibu, la sivyo utaokota.

Nne, A huzuia adhabu na huomba rangi. Ziko nne tu, kwa hiyo zihesabu zikitoka.

Tano, tazama wanaookota. Mtu akiokota kopa ikiwa juu, kuna uwezekano mkubwa hana kopa. Akibakiza karata moja, A yako iombe kopa.

Sasa lililonifanya niandike. Binamu hakutaka fomyula ya kadi peke yake. Alinionyesha daftari ambamo huandika namba ambazo ndege ya Aviator imefikia kwenye simu, akitafuta mpangilio wake. Ni kazi ya mtu makini, lakini makini hayo yameelekezwa pasipofaa.

Kwenye kadi, karata iliyotoka imetoka. Ukiona A tatu mezani, imebaki moja, mpaka rundo lichanganywe upya. Kukumbuka kunakupa faida. Ile ndege haina rundo linalopungua. Kila raundi hutengenezwa upya, na hata ikianguka mapema mara kumi mfululizo, ya kumi na moja haina deni kwako. Daftari zima haliwezi kukuambia lolote kuhusu raundi ijayo.

Mchezo huo hutangazwa kurudisha wastani wa shilingi 97 kwa kila 100. Zinasikika nyingi. Weka 100 mara mia moja: umepitisha 10,000, na kwa wastani umeacha 300. Siku za mbalamwezi, wakati mtumbwi hauingizi kitu, 300 hizo ni unga wa nyumbani. Kwenye kadi ya ufuoni angalau anayeshindwa anamnunulia chai mtu anayemjua, na kesho chai itarudi.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akanyamaza, akauliza, "Sasa hili daftari?" Nikamwambia aandike karata zinazotoka.

Wiki ijayo nitaeleza namna ya kuifanya kompyuta ichanganye karata bila upendeleo. Ni vigumu kuliko unavyodhani.