Fine Isiyo na Ila

Muheza, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea karatasi hizi. Nimeziandika kwa mkono kwa kuwa kidole changu na kioo cha simu havipatani. Mdogo wako atazipiga picha akutumie kwa WhatsApp. Zikikufikia zimepinda, mlaumu yeye, mwandiko wangu bado umenyooka.

Jumapili iliyopita nilikuwa barazani kwa mama yako ulipompigia. Unamjua, simu huiweka kwenye spika, mtaa mzima ukajua umepiga. Akakuuliza habari za huko Leeds. Ukajibu, "Niko fine, mama." Kazi? "Iko fine." Na hiyo baridi? "Fine tu." Dada yangu akakata simu anamshukuru Mungu. Mimi nikabaki na kikombe changu cha kahawa, sinywi wala sikiweki chini. Neno hilo nimelifasiri mahakamani zaidi ya miaka thelathini, na shahidi akilirudia mara tatu mfululizo nilikuwa nageuka kumtazama usoni.

Kazi yangu unaijua. Shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, mimi nimesimama katikati. Siku hizi, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na nafasi niliyokuwa nikisimama imebaki wazi. Zamani zile hukumu ikifika kwenye "a fine of", mshtakiwa alianza kujipapasa mifuko kabla sijafungua mdomo. Faini hakuna asiyeijua. Sheria, hakimu, shahidi na wakili tulikuwa nao tayari kutoka Kiarabu. Mwingereza alipoleta mahakama zake akatuachia jela na faini. Kwa hiyo neno lako hilo liliingia Kiswahili kwa kupitia kizimbani. Naona ndiyo sababu vijana walipotafuta Kiingereza cha kujibia salamu walichukua fiti na freshi, hili wakaliruka. Nani ajibu "mambo?" kwa kutaja adhabu?

Fine ya pili tuliikuta shuleni. Mwalimu anaingia, darasa zima linasimama, anauliza kama tu wazima, nasi tunaitika kwa sauti moja, "Fine, thank you, teacher!" Alikuwepo mwenye homa, alikuwepo aliyelala bila kula, alikuwepo aliyemzika baba yake juzi. Wote fine. Tulilisema kama watu wanavyosema amina, wala hatukudhani lina uhusiano wowote na ile faini aliyotozwa jirani kwa kupika gongo.

Kumbe ni neno moja. Hilo alinieleza hakimu mmoja mpenda vitabu, mchana wa mvua, mashahidi hawajafika. Shina lake ni neno la Kilatini, finis, yaani mwisho au mpaka. Huko Uingereza, karne nyingi nyuma, mtu na mwenzake wakitaka kukabidhiana ardhi kwa usalama walikuwa wanafungua shauri mahakamani, kesi ya kirafiki, kisha wanaimaliza kwa mapatano. Mapatano hayo ndiyo yaliyoitwa fine, kwa sababu ndiyo mwisho wa shauri. Kuanzia mwaka 1195 yaliandikwa mara tatu juu ya kipande kimoja cha ngozi, nakala mbili juu na moja chini, kisha ngozi ikakatwa kwa mkato wa kupindapinda. Kila upande ulichukua kipande chake, na kile cha chini, kilichoitwa mguu, kikabaki serikalini. Mtu akileta cha kughushi, mikato haikutani. Utaratibu huo ulidumu mpaka ulipofutwa kwa sheria ya mwaka 1833, na miguu hiyo ingali imehifadhiwa kwa maelfu kwenye Nyaraka za Taifa pale Kew, London. Siku ukipata likizo nenda ukaiangalie kwa niaba yangu. Karani wa mahakama hawezi kusikia habari ya nakala tatu akalala.

Adhabu nayo ilizaliwa humo humo. Aliyekuwa na kosa alitoa fedha ili jambo lake liishe, asikae kifungoni. Malipo ya kumaliza yakaitwa mwisho, na taratibu yakageuka yale tunayoyajua, ambayo humaliza zaidi mfuko.

Na ile fine ya uzuri? Hiyo nayo ni mwisho, ila mwisho wa kupanda: kitu kilichofikishwa ukomo wa ubora wake. Sisi tunasema binti mzuri mpaka basi; Mwingereza alibakiza ile basi tu. Unga uliochekechwa hadi hakuna cha kubaki kwenye chekecheo ni fine. Dhahabu iliyosafishwa ikatoka taka zote ni fine. Uzi mwembamba, mchanga wa ufukweni, chanuo lenye meno ya karibu, maandishi madogo chini ya mkataba ambayo watu wa mikopo huomba Mungu usiyasome, yote yamo humo. Ukitaka kuona neno linavyojikanyaga, tazama hali ya hewa: siku fine ni siku isiyo na mvua, lakini mvua fine ni manyunyu. Na fainali ya mpira ni ndugu yao tumbo moja. Wanaposema fainali uzeeni, wananitaja mimi na huo mwisho wa Kilatini kwa pamoja.

Hata kwaya yetu iliwahi kuponzwa. Kwenye nota, pale wimbo unapotakiwa kuishia, huandikwa Fine, kwa Kiitaliano, husomwa "fi-ne". Mwalimu wetu wa kwaya akaisoma kwa Kiingereza. Msimu mzima wa Pasaka tukiamini mtunzi anatusifu kwamba hapo tumeimba vizuri, nasi tukiongeza sauti, tukiendelea mbele.

Nacheka, lakini sikukuandikia kwa ajili ya kucheka. Ninachokuambia ni kwamba ule mwisho haujatoka ndani ya neno. Mwingereza akisema fine, mara nyingi anafunga mlango. Wakati mwingine kwa upole, wakati mwingine kwa kishindo.

Kwa upole ni kama alivyofanya yule mgeni aliyekuja kwetu zamani, ulikuwa hujazaliwa. Mke wangu alipika pilau. Mgeni alipomaliza sahani ya kwanza akaulizwa kama aongezwe. Akatabasamu, akasema, "I'm fine." Mke wangu akasikia "nzuri", akampakulia. Akala. Akaulizwa tena. "I'm fine, really." Akapakuliwa tena, safari hii na paja la kuku. Ilipofika sahani ya tatu jasho linamtiririka, mimi nimerudi nyumbani, ndipo nikamwokoa. Kumbe mtu wa watu alikuwa anasema ameshiba! Kwake "niko sawa" maana yake "usiniongeze". Sisi tunayo "inatosha" na "nimeshiba", tena tunaweka kiganja juu ya sahani, na bado mwenye nyumba hutuongeza kijiko.

Kwa kishindo, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Uliniambia mwenyewe habari ya mwenzako wa zamu uliyemwomba mbadilishane Jumamosi, akakujibu kwa ujumbe wa neno moja, Fine, na nukta mbele yake. Ukadhani amekubali kwa moyo. Wiki nzima hakukusemesha. Mpwa wangu, neno hilo likisimama peke yake na nukta, usilipokee kama zawadi. Lilivyo hapo ni kama letu la "haya bwana". Rudi kwa mtu, muulize kwa mdomo. Na ukisikia "that's a fine friend", fahamu kwamba rafiki huyo hasifiwi. Ni vile sisi tunavyomwambia aliyetuangusha, "umenifaa kweli".

Sasa nakuja kwenye wodi yako. Uliniandikia mwaka jana juu ya bibi wa kitanda cha dirishani hapo Leeds. Ulimpitia usiku mara mbili, na mara zote alikuambia, "I'm fine, love." Asubuhi ikajulikana hakufumba jicho kwa maumivu, na wewe ukalia ukidhani ni uzembe wako. Halikuwa kosa lako. Alikufungia mlango kwa upole ili asikusumbue, na hakuna aliyekuwa amekufundisha kwamba hiyo ni komeo.

Kwetu komeo hilo halipo hivyo. Si kwamba sisi ni wakweli zaidi kwenye salamu, hapana. "Hujambo?" "Sijambo," hata kama nyumba imeungua. Nimefika misibani nikapokewa na "salama". Lakini salamu yetu ni kizingiti, mtu hasimami hapo. Utaulizwa na habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na mahali fulani humo, kama una neno, utasema "nzuri, ila". Habari yenyewe iko baada ya ila. Mgonjwa wetu naye husema "sijambo kidogo", na kila mwenye akili anajua hicho kidogo ndicho ugonjwa. Mwingereza fine yake haina ila. Aliyonayo hukaa kimya mpaka mtu akae nayo.

Basi usiku ukimpitia mtu akakwambia yuko fine, usigeuke hapo hapo. Nyoosha shuka lake hata kama limenyooka. Sogeza glasi ya maji. Halafu uliza kitu kidogo chenye jibu: maumivu yamekaa upande gani, ulilala saa ngapi, mguu huu unaukunja? Mahakamani hakimu mzuri hakumuuliza shahidi kama anasema kweli. Alimuuliza taa ilikuwa wapi. Hapo ndipo maneno yalianza kutoka. Najua zamu zenu hazina nafasi, na huyo wa kitanda cha pili anapiga kengele. Dakika moja inatosha, tena si kwa kila mgonjwa. Kwa yule anayejibu haraka sana.

Na wewe mwenyewe ulijibu haraka sana.

Sikulaumu kwa kuchanganya lugha. Nimeishi kwa kuzichanganya. Lakini tangu ukiwa mdogo hukuwahi kunijibu nzuri bila ila. Ulitoka shule ya bweni ukaniambia, "Nzuri mjomba, ila mto wangu umeibiwa," na nilipoteza nauli yangu kukununulia mwingine. Ukaanza kazi ukaniambia, "Nzuri, ila naogopa damu," nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Fine tatu kwa simu moja, tena kwa mama yako asiyejua Kiingereza, hizo sikuzizoea. Kama ni uchovu, sema uchovu. Kama ni fedha, mimi nina pensheni na wewe unajua inaingia lini. Kama ni upweke, hilo sina dawa yake, ila nitakuandikia kila wiki mpaka mdogo wako achoke kupiga picha.

Nisikuombe kisha mimi nikanyamaza. Huku hatujambo. Ila goti langu la kushoto limekataa kabisa ngazi za posta. Ila mvua zimechelewa na machungwa ya shamba la chini yameanguka machanga. Ila mama yako, ambaye Jumapili iliyopita alikuambia "nzuri" ikaishia hapo, jicho lake la kulia linaona ukungu tangu mwezi wa pili, na amenikataza nisikuambie. Nimempa muda hadi Jumapili ijayo akuambie mwenyewe. Piga mapema, kabla hajaenda kanisani, na akisema nzuri, muulize taa iko wapi.

Mjomba wako